Maktaba ya netCDF na Ubadilishanaji wa Data za Ziwa Tanganyika: Nafasi ya Kiswahili katika Kuzipa Namba Maana

Ikisiri

Nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika hupima maji, upepo, mvua na samaki wa ziwa moja, lakini huandika vipimo hivyo kwa programu tofauti, kwa lugha tofauti na kwa desturi tofauti za uandishi wa namba. Makala hii inaeleza jinsi maktaba ya programu iitwayo netCDF inavyowezesha data za kihisabati kuhama kutoka zana moja ya ukokotozi wa kisayansi kwenda nyingine bila kupotea wala kubadilika. Kwa kutumia mifano ya mwambao wa Burundi, hususan Magara, makala inaonesha kwamba maktaba hiyo hutatua kikamilifu matatizo ya umbo na mpangilio wa namba, lakini tatizo la maana ya namba huwaachia watumiaji wenyewe. Hoja kuu ni kwamba sehemu hiyo iliyoachwa ni kazi ya istilahi, na kwamba Kiswahili kina nafasi mahususi ya kuifanya. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa vyombo vya kikanda.

Maneno muhimu: netCDF, ubadilishanaji wa data, Ziwa Tanganyika, istilahi, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Magara ni eneo la mwambao lililo kando ya barabara inayotoka Bujumbura kuelekea Rumonge, mahali ambapo milima inashuka hadi karibu na maji na kuacha ukanda mwembamba wa makazi, mashamba na mialo ya wavuvi. Kwa wakazi wa ukanda kama huo, usawa wa maji ya ziwa ni jambo la maisha ya kila siku. Ziwa lilipopanda katika miaka ya karibuni hadi mafuriko ya mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba, barabara na bandari za pande zote: Gatumba na Rumonge nchini Burundi, Uvira na Kalemie nchini Kongo, na Kigoma nchini Tanzania. Swali la kwamba maji yatafika wapi mwakani halina jibu ndani ya nchi moja peke yake. Mito inayoingia ziwani hutoka katika nchi kadhaa, na mlango wa pekee wa kutokea ni Mto Lukuga, ulio upande wa Kongo.

Ziwa lenyewe lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia takriban mita 1,470. Kongo inamiliki takriban asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Tarehe 12 Juni 2003, nchi hizo nne zilitia saini jijini Dar es Salaam Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika, na baadaye zikaunda Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao makuu Bujumbura. Mkataba huo unazitaka nchi wanachama kubadilishana taarifa kuhusu ziwa. Kubadilishana taarifa, hata hivyo, si kutumiana mafaili tu. Faili linaweza kufika salama na namba zilizomo zikasomwa vibaya.

Makala hii inachunguza pengo hilo lililopo kati ya kufika kwa namba na kueleweka kwake. Sehemu ya pili inaeleza tatizo. Sehemu ya tatu inafafanua utendaji wa maktaba ya netCDF. Sehemu ya nne inaonesha mahali maktaba inapokomea, na sehemu ya tano inajadili nafasi ya Kiswahili. Mapendekezo na hitimisho vinafuata.

2.0 Namba Moja, Wasomaji Wengi

Kazi ya kisayansi kuhusu ziwa haifanywi kwa zana moja. Kielelezo cha mwendo wa maji mara nyingi huandikwa kwa lugha ya Fortran. Uchambuzi wa takwimu za uvuvi huweza kufanywa kwa R, ramani kwa Python, na majedwali ya kituo cha upimaji huanzia katika programu ya lahajedwali. Kila zana ina desturi zake za kuhifadhi namba, na desturi hizo hazionekani kwa macho ya mtumiaji. Mifano mitatu inatosha kuonesha uzito wa jambo hili.

Mfano wa kwanza ni alama ya desimali. Burundi na Kongo zimerithi uandishi wa Kifaransa, ambamo koma hutenganisha namba nzima na desimali. Tanzania na Zambia hutumia nukta kwa kazi hiyo, na koma hutenganisha maelfu. Kina cha ziwa kikiandikwa "1,470" kwa desturi ya Dar es Salaam na kusomwa kwa desturi ya Bujumbura, ziwa la pili duniani kwa kina linageuka dimbwi lisilofika mita moja na nusu. Kosa hilo ni la wazi na litagunduliwa. Usawa wa maji ulioandikwa "774,52" ni hatari zaidi, kwa sababu katika faili linalotenganisha safuwima kwa koma namba hiyo hukatika vipande viwili, 774 na 52, na safuwima zote zinazofuata husogea hatua moja kulia.

Mfano wa pili ni mpangilio wa baiti. Kompyuta huhifadhi namba kamili ndogo kwa baiti mbili, ambapo baiti moja huhesabu mafungu ya 256 na nyingine huhesabu mabaki. Namba 776 ni mafungu 3 ya 256 na mabaki 8. Baadhi ya kompyuta hutanguliza mafungu, nyingine hutanguliza mabaki. Kompyuta ya aina ya pili ikisoma faili la aina ya kwanza bila kuambiwa, itaona mafungu 8 na mabaki 3, yaani 2,051. Hakuna kengele itakayolia, kwa kuwa 2,051 ni namba halali kabisa.

Mfano wa tatu ni mpangilio wa majedwali. Ichukuliwe kwamba joto la maji limepimwa katika vituo sita: vitatu kaskazini na vitatu kusini, kutoka magharibi kwenda mashariki. Lugha ya C hupanga thamani mstari kwa mstari, kaskazini kwanza: 1, 2, 3, kisha 4, 5, 6. Fortran na R hupanga safuwima kwa safuwima. Orodha ileile ikimiminwa katika jedwali la R bila maelezo, mstari wa kaskazini utasomeka 1, 3, 5 na wa kusini 2, 4, 6. Kituo cha kati cha kaskazini kimehamishiwa kusini magharibi. Thamani zote sita zipo na wastani wa ziwa zima haukubadilika, ila ramani ni ya uongo.

Matatizo haya yana sifa moja ya pamoja, nayo ni kwamba namba hufika bila maelezo ya namna ya kuisoma. Zamani maelezo hayo yalibaki kichwani mwa aliyepima au katika daftari lake, na alipostaafu au daftari lilipoliwa na mchwa, namba zilibaki yatima.

3.0 Utendaji wa Maktaba ya netCDF

3.1 Asili yake

Maktaba ya programu ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo mwandishi wa programu nyingine huziita zifanye kazi fulani badala ya kuziandika upya. Maktaba ya netCDF ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 katika kituo cha Unidata mjini Boulder, Marekani, kwa ajili ya wataalamu wa hali ya hewa waliotaka programu zao zisomane. Msingi wa wazo hilo ulitokana na kazi ya awali ya shirika la NASA. Jina lake linamaanisha umbo la pamoja la data kwa matumizi ya mtandao. Mwaka 2008 lilitoka toleo la nne, lililojengwa juu ya maktaba nyingine iitwayo HDF5, ambayo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Illinois. Maktaba hutolewa bila malipo, na inaweza kuitwa kutoka katika lugha za C, Fortran, Java, Python, R, Julia na nyinginezo.

3.2 Faili linalojieleza

Kanuni ya msingi ya netCDF ni kwamba faili lijieleze lenyewe. Faili la umbo la kale la netCDF huanza kwa herufi tatu, C, D na F, zikifuatwa na alama ya toleo. Ni kama mgeni anayepiga hodi na kutaja jina kabla ya kuingia: programu inayopokea hujua mara moja ni nani na azungumzweje. Baada ya hapo hufuata kichwa cha faili chenye mambo matatu.

La kwanza ni mihimili, yaani pande za jedwali na idadi ya hatua katika kila upande: wakati, latitudo, longitudo, kina. La pili ni vigeu, yaani vitu vilivyopimwa, kila kimoja kikiwa na jina, aina ya namba na orodha ya mihimili yake. La tatu ni sifa, yaani maelezo mafupi yaliyofungwa kwenye kila kigeu: kizio cha kipimo, jina refu, chombo kilichotumika, thamani inayoashiria kukosekana kwa kipimo. Namba zenyewe huja baada ya kichwa hicho.

Kwa utaratibu huu, matatizo yote matatu ya sehemu iliyotangulia hupata tiba. Namba haziandikwi kwa herufi bali kwa biti, hivyo suala la koma na nukta halizuki. Mpangilio wa baiti hujulikana tangu mwanzo, na maktaba yenyewe hufanya ubadilishaji kimyakimya pale kompyuta inayosoma ina desturi nyingine. Kuhusu majedwali, programu ya C na ya Fortran huona mihimili kwa mfuatano uliopinduka, lakini kila thamani hubaki imefungwa na mihimili yake yenye majina. Kituo cha kati cha kaskazini hubaki kaskazini.

3.3 Wepesi na usomaji wa sehemu

Faida nyingine inahusu mazingira ambamo mtandao wa intaneti ni wa taabu. Usawa wa maji ukipimwa mara moja kwa siku kuanzia Januari 1, 1994 hadi Desemba 31, 2023, hupatikana vipimo 10,957. Kila kimoja kikihifadhiwa kwa baiti 8, jumla ni baiti 87,656. Miaka thelathini ya kumbukumbu ya ziwa ni nyepesi kuliko picha moja ya simu ya kisasa. Aidha, kwa mafaili makubwa, kama yale ya makadirio ya mvua yanayotokana na setilaiti, maktaba huruhusu programu kusoma kipande kinachohitajika tu. Mtafiti anayetaka mvua ya mabonde yanayoshuka Magara halazimiki kuibeba Afrika nzima katika kumbukumbu ya kompyuta yake.

4.0 Mahali Maktaba Inapokomea

Hadi hapa imeonekana kwamba maktaba huhakikisha namba inayosomwa ndiyo iliyoandikwa. Haihakikishi kwamba msomaji ameielewa kama mwandishi alivyokusudia. Sifa za kigeu zinaweza kuachwa wazi au kujazwa vibaya, na maktaba haitakataa. Maeneo manne yanastahili kuangaliwa.

4.1 Usawa na kina

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, na hata katika habari za mafuriko, mara nyingi husemwa kwamba "kina cha ziwa kimeongezeka". Msikilizaji huelewa bila shida. Katika data, hata hivyo, kina ni umbali kutoka juu ya maji hadi sakafu, ilhali jambo linalopimwa kwenye nguzo ya bandarini ni usawa wa uso wa maji juu ya alama fulani rejea. Kina cha juu kabisa ni takriban mita 1,470, ilhali usawa wa ziwa ni takriban mita 774 juu ya usawa wa bahari. Zaidi ya hayo, alama rejea hutofautiana: nguzo moja yaweza kuhesabu kutoka usawa wa bahari, nyingine kutoka sifuri iliyochaguliwa na mjenzi wa gati. Namba mbili za vituo viwili haziwezi kulinganishwa mpaka alama hizo zitajwe. Kwa mwenye nyumba ya mwambao, tofauti ya nusu mita kati ya alama mbili ni tofauti kati ya kuhama na kubaki.

4.2 Saa

Rumonge na Uvira hufuata saa za Afrika ya Kati, na Kigoma hufuata saa za Afrika Mashariki. Upepo mmoja unaovuma ziwani kwa wakati mmoja utaandikwa saa nane mchana Rumonge na saa tisa alasiri Kigoma. Juu ya hapo, Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo. Karani wa mwaloni akiandika "saa 2 asubuhi", na mwenye kuingiza data akajaza 2, kipimo kimerudishwa nyuma saa sita, kikawa cha usiku wa manane. Desturi ya netCDF ni kuhifadhi wakati kama idadi ya saa au siku tangu tarehe iliyotajwa, kwa mfano saa tangu Januari 1, 1970 kwa saa za ulimwengu, yaani UTC. Desturi hiyo ni madhubuti, lakini mtu anayefanya ubadilishaji wa kwanza lazima ajue aliyeandika alihesabu saa kwa namna ipi. Mtu huyo anahitaji kujua Kiswahili kama anavyohitaji kujua kompyuta.

4.3 Sifuri na kukosekana

Wavuvi wa ndagala hutumia taa kuwavuta samaki usiku, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi kali kazi hupungua au husimama. Mwaka 2024, upande wa Tanzania, uvuvi ulisitishwa kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Jedwali la mavuno lina basi aina mbili za utupu: usiku ambao watu walitega wakakosa, na usiku ambao hakuna aliyekwenda au hakuna aliyehesabu. Aina ya kwanza ni sifuri. Aina ya pili si sifuri.

Ichukuliwe kwamba usiku nne zilileta kilo 40, kilo 60, pasipo kuhesabiwa, na kilo 50. Wastani wa usiku zilizohesabiwa ni kilo 50. Utupu ukigeuzwa sifuri, wastani unashuka hadi 37.5, na mshauri wa sera anaweza kutangaza upungufu wa robo nzima ambao haukutokea ziwani. Maktaba ya netCDF ina thamani maalumu ya kujazia mahali pasipo na kipimo. Kwa namba za desimali, thamani ya chaguo-msingi ni kubwa mno, takriban 9.97 ikizidishwa na 10 kwa kipeo cha 36, isiweze kudhaniwa kuwa ni kilo za samaki. Ila anayeamua kama usiku fulani ni sifuri au ni kukosekana ni karani wa mwaloni.

4.4 Majina ya samaki na ya mahali

Samaki wa jamii ya Lates stappersii huitwa mukeke Burundi, mgebuka Kigoma na bukabuka Zambia. Hapo kuna majina matatu kwa samaki mmoja, na jedwali la ulinganisho latosha. Samaki wadogo wanatatiza zaidi. Ndagala wa Burundi, dagaa wa Kigoma na kapenta wa Mpulungu ni majina yanayojumuisha spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Tena dagaa wa Mwanza, katika Ziwa Victoria, ni Rastrineobola argentea, samaki wa ukoo mwingine kabisa. Kapenta wa Kariba, kwa upande wake, ni Limnothrissa aliyehamishwa kutoka Tanganyika katika miaka ya 1960. Programu inayounganisha mafaili kwa kufuata neno "dagaa" peke yake itawachanganya samaki wa maziwa mawili katika jumla moja.

Majina ya mahali nayo hubadilika. Magara ilihesabiwa katika mkoa wa Bujumbura Vijijini hadi Mkoa wa Rumonge ulipoundwa mwaka 2015. Mgawanyo mpya wa Burundi katika mikoa mitano ulioanza kutumika mwaka 2025 umeufuta tena Mkoa wa Rumonge kama mkoa unaojitegemea. Takwimu za "Rumonge" za mwaka 2010, 2018 na 2026 haziwezi kuwekwa katika mstari mmoja bila maelezo. Latitudo na longitudo hazibadiliki kwa amri ya serikali, na ndiyo maana netCDF huzifanya kuwa mihimili, huku jina la mahali likibaki sifa.

5.0 Nafasi ya Kiswahili

Jumuiya ya wanasayansi wa hali ya hewa na bahari ililiona pengo hili mapema. Mwaka 2003 ulitolewa mwongozo wa kwanza kamili wa kaida zijulikanazo kama CF, ambazo huweka orodha ya majina sanifu ya vigeu, namna ya kuandika vizio na namna ya kuandika wakati. Kaida hizo si programu. Ni makubaliano ya watu kuhusu maneno. Kwa mtazamo wa isimu, orodha ya majina sanifu ni kamusi ya istilahi, na kila ingizo lake lina fasili iliyojadiliwa kabla ya kukubaliwa.

Majina sanifu ya CF yako katika Kiingereza. Pendekezo la haraka linaloweza kutolewa na mpenda Kiswahili ni kuyatafsiri yote. Pendekezo hilo lingevunja mapatano yaleyale yanayoipa maktaba nguvu yake, kwa sababu programu hutambua kigeu kwa jina sanifu herufi kwa herufi. Njia iliyo wazi ni kutumia vizuri mgawanyo wa kazi ambao maktaba yenyewe imeuweka. Kigeu kinaweza kubeba jina sanifu kwa ajili ya mashine na jina refu kwa ajili ya wasomaji. Kwa mfano:

usawa_wa_maji: standard_name = "water_surface_height_above_reference_datum"
usawa_wa_maji: long_name = "usawa wa uso wa ziwa juu ya alama rejea ya kituo"
usawa_wa_maji: units = "m"

Katika mfano huu, programu iliyoandikwa popote duniani itakitambua kigeu kwa mstari wa kwanza. Karani wa Magara, mvuvi wa Ujiji na mshauri wa wizara watakielewa kwa mstari wa pili. Mstari huo wa pili umeepuka neno "kina" na kutaja alama rejea, hivyo umetekeleza kwa Kiswahili ule usahihi ambao mazungumzo ya kawaida hayaudai.

Yaweza kuulizwa kwa nini Kiswahili, na si Kifaransa au Kiingereza, ambazo ndizo lugha za ofisi katika nchi husika. Jibu la kwanza ni la kimazingira. Kifaransa hakivuki kwenda Kigoma na Mpulungu, na Kiingereza hakivuki kwa urahisi kwenda Rumonge na Kalemie. Ila Kiswahili kimekuwa lugha ya bandari, soko na chombo kwa muda mrefu katika mialo ya Rumonge, Uvira na Ujiji. Jibu la pili ni la kitaasisi. Burundi, Tanzania na Kongo ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao makuu Zanzibar. Zambia haimo katika jumuiya hiyo, lakini imo katika SADC, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Kila nchi ya ziwa imo basi katika chombo kimojawapo kinachokitambua Kiswahili. Jibu la tatu linahusu chimbuko la data. Kipimo cha kwanza hufanywa na mtu aliye ufukweni. Kosa la saa, la sifuri au la jina la samaki huzaliwa hapo, na haliwezi kusahihishwa baadaye na programu iliyo Bujumbura au Boulder.

Thamani ya maelezo kama hayo huonekana kadiri miaka inavyopita. Mwaka 2003, tafiti mbili zilizochapishwa katika majarida ya Nature na Science zilionesha kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yameongezeka joto na kwamba jambo hilo limeathiri uzalishaji wake. Ulinganisho wa aina hiyo ulitegemea vipimo vya joto vilivyorejea hadi mwaka 1913. Vipimo hivyo viliweza kutumika baada ya miaka tisini kwa sababu tarehe, mahali na kina cha kila kipimo kilijulikana. Vinavyopimwa leo Magara vitahitajika na watafiti ambao hawajazaliwa, na hao hawataweza kumuuliza karani alikusudia nini.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika na taasisi za nchi wanachama zikubaliane kwamba data zinazobadilishwa ziwe katika netCDF na zifuate kaida za CF. Lahajedwali liendelee kutumika kwa uingizaji wa data, lakini lisiwe chombo cha mwisho cha kubadilishana.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na wataalamu wa maji na uvuvi wa nchi zote nne, iandae orodha fupi ya majina marefu ya Kiswahili kwa vigeu vya ziwa, kila moja likiwa na fasili, kizio na jina sanifu linalolingana nalo. Orodha ianze na vigeu vinavyohusu usalama wa watu: usawa wa maji, mvua na upepo.

Tatu, samaki watajwe kwa jina la kisayansi katika kigeu, na majina ya mwaloni yahifadhiwe kama sifa pamoja na mahali yanapotumika. Jina la mwaloni lisifutwe, kwa kuwa ndilo ushahidi wa kile alichokiona mpimaji. Pale ambapo spishi hazikutenganishwa, isemwe hivyo.

Nne, fomu za mwaloni ziwe na nafasi tatu tofauti kwa usiku usio na mavuno: walitega wakakosa, hawakwenda, na haikuhesabiwa. Saa iandikwe kwa namna ambayo fomu yenyewe inaitaja, ama ya Kiswahili ama ya saa 24, na ubadilishaji kwenda saa za ulimwengu ufanywe mahali pamoja kwa kanuni iliyoandikwa.

Tano, mafunzo ya makarani wa mialo na ya waandishi wa programu yafanyike pamoja angalau kwa sehemu, kwa Kiswahili. Mwandishi wa programu asiyejua kwamba saa mbili asubuhi ni saa nane ya saa 24 ataendelea kuzalisha makosa hata akiwa na maktaba bora kuliko zote.

Mapendekezo haya hayagharimu leseni, kwa kuwa maktaba na kaida zake ni bure. Gharama yake ni muda wa watu na utayari wa taasisi kukubaliana. Ikumbukwe pia kwamba hakuna umbo la faili linaloweza kusahihisha chombo kibovu cha upimaji, wala kulazimisha ofisi kutoa data isiyotaka kuitoa. Maktaba hurahisisha ubadilishanaji ambao wahusika wameshaukubali.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba ubadilishanaji wa data za kihisabati una ngazi tatu: umbo la namba, mpangilio wake na maana yake. Maktaba ya netCDF imezibeba ngazi mbili za kwanza kwa ufanisi, kiasi kwamba mtafiti wa leo hana haja ya kujua kompyuta ya mwenzake hupanga baiti vipi. Ngazi ya tatu imewekewa nafasi katika faili, nayo ni sifa za kigeu, lakini nafasi hiyo hujazwa na watu kwa maneno waliyokubaliana. Katika Ziwa Tanganyika makubaliano hayo hayajakamilika, na upungufu wake unagusa maamuzi kuhusu mafuriko na uvuvi yanayowahusu watu wa Magara na wa mialo yote ya ziwa.

Wanaisimu wa Kiswahili wamezoea kuletewa istilahi baada ya sayansi kukamilika, ili wazitafutie visawe. Hapa wanahitajika mapema zaidi, wakati fomu ya mwaloni inapoandikwa na jina la kigeu linapochaguliwa, kabla namba ya kwanza haijaingizwa katika faili.